Kukuza Picha kwa Viwango Tofauti katika Kila Mhimili: Mfano wa Picha za Tomografia katika Lugha ya Python

Kukuza picha kwa kiwango kimoja katika upana na kingine katika kimo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kosa, kwa sababu hupotosha umbo. Makala haya yanabainisha kuwa, katika picha za tomografia, kosa laweza kuwa kutofanya hivyo.

Tuchukulie picha za kichwa zenye pikseli za milimita 0.5, zilizopigwa katika vipande 100, kila kimoja kikiwa milimita 2 kutoka kingine. Vipande hivyo vikitazamwa kwa ubavu, hupatikana picha ya safu mlalo 100 na safu wima 400. Kihalisia kila upande una milimita 200, lakini kioo cha kompyuta huchora kila pikseli kama mraba. Hivyo basi, uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 20 huonekana bapa: upana pikseli 40, kimo pikseli 10.

Katika maktaba ya SciPy, marekebisho hufanywa kwa amri zoom(picha, (4, 1)). Namba ya kwanza hukuza kimo mara nne. Ya pili huuacha upana ulivyo. Hatari imo katika mpangilio huo, kwani amri ya resize katika maktaba ya Pillow hutanguliza upana. Mtafiti akiandika (1, 4) kwa mazoea, uvimbe uleule huwa pikseli 160 kwa 10, na programu haitoi onyo lolote.

Jambo la pili ni ukadiriaji wa thamani mpya. Amri ya zoom isipoelekezwa hutumia splaini za daraja la tatu, ambazo huifaa picha yenyewe. Haziifai ramani ya viungo: iwapo 1 ni fuvu, 2 ni ubongo na 3 ni uvimbe, basi mahali uvimbe unapogusa fuvu ukadiriaji waweza kuzalisha 2, yaani ubongo pasipo na ubongo. Hapo hutumika order=0, ambayo huchukua thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi.

Hata hivyo, ukuzaji hauongezi taarifa. Safu mlalo 300 zilizoongezeka ni makadirio, si vipimo. Kwa hiyo, tasnifu inayoripoti ukubwa wa uvimbe haina budi kutaja nafasi ya awali kati ya vipande, viwango vya ukuzaji na aina ya ukadiriaji. Bila hayo, msomaji hawezi kutenganisha kilichopimwa na kilichokisiwa.