Motokaa kwa Motokaa na Fedha Juu Yake

Huku kwetu Ujiji motokaa haifichiki. Mji wetu ni wa miembe, mchanga na watu wakaao barazani, na chombo hujulikana ni cha nani kabla hakijaonekana. Ya mpwa wangu, afanyaye biashara ya dagaa pale Kibirizi, ilijulikana tangu ikiwa Mwanga. Ilikuwa Subaru Impreza, ile yenye tabo, yaani kipepeo kizungushwacho na moshi utokao, ili kishindilie hewa ndani ya injini. Na bomba la moshi alilibadilisha kwa makusudi hata likawa likinguruma kama radi ya masika. Watoto wangu wa chuoni wakiisikia huacha alifu wakatazama mlangoni. Nilimkanya mara mbili asipite saa za darasa, akapita.

Wala sitaki kulidhulumu gari lile. Pistoni zake hulala ubavu, kwa hiyo uzito wa injini hukaa chini na gari halipepesuki katika kona. Magurudumu yake yote manne huvuta, na katika mchanga wetu sikuliona likikwama hata siku moja. Na mwenyewe hakuchoka kunikumbusha kwamba Impreza ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari kule Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Nami nikamjibu kwamba mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwamba mwaka 1959, 1960 na 1961 yalichukuliwa na Mercedes, gari za watu wazima, kisha mwaka 1963, na tangu 1966 hata 1968, yakachukuliwa na Peugeot 404, ambayo Afrika Mashariki nzima iliijua kwa kubeba jamaa na abiria. Akacheka, akasema, "Mjomba, hizo ni zama zenu." Mwaka 1968 mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini niliyaacha yapite.

Kilichomshinda si hoja zangu, bali nyonga ya mama yake, naye ni dada yangu mkubwa. Gari la mbio hutiwa springi ngumu na matairi membamba ya ubavu ili lisiyumbe, na kila shimo ambalo springi imekataa kulipokea hupokewa na mifupa ya aliyekaa ndani. Kutoka Ujiji hadi hospitali ya Maweni si safari ndefu, lakini dada yangu alikuwa akishika mlango kwa mikono miwili, midomo ikimcheza kwa dua, na akishuka hawezi kusimama mpaka ashikwe. Siku moja alisema kwa upole, "Mwanangu, niitie bajaji." Basi kijana akaona haya kubwa. Gari limo uani, na mama yake anakwenda hospitali kwa bajaji!

Akaanza kutafuta Toyota Crown. Jina hilo ni la zamani, kwani Crown ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1955, na hata leo ndilo gari ambalo watu wengi wa nchi yetu huliona kuwa la heshima. Lakini anayelitafuta kwa ajili ya mgonjwa na ajue kwamba iko Crown Athlete, ambayo nayo imekazwa springi kwa ajili ya vijana, na iko Royal Saloon, ambayo ni laini. Kwa sura hufanana kama ndugu, na wako waliochukua moja wakidhani ni nyingine. Ama kuagiza kutoka Japani aliona kunamzidi nguvu, kwa kuwa juu ya ushuru wa kawaida gari kuukuu hutozwa ushuru mwingine kwa ajili ya uchakavu. Kwa hiyo dalali mmoja wa mjini akamtafutia mtu mwenye Royal Saloon, naye ni kijana mtumishi aliyekuwa akiitamani Subaru. Wabadilishane, na mpwa wangu aongeze shilingi milioni 3.

Jioni moja baada ya Magharibi alinijia msikitini. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, baba." Akauliza: motokaa kwa motokaa na fedha juu yake, je, hiyo si riba?

Swali zuri, na nilifurahi kuulizwa. Nilimweleza kwamba vitu vilivyotajwa na Mtume (s.a.w.) katika riba ya kubadilishana ni sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakafahamu kwamba sababu yake ni kuwa thamani ya vitu, kama dhahabu na fedha, au kuwa chakula. Motokaa si sarafu wala si chakula. Nikamtajia kwamba Abdallah bin Umar alimnunua ngamia mmoja wa kupanda kwa ngamia wanne, wala hakuna aliyemlaumu. Na ngamia wa kupanda wa siku zile ndiyo motokaa ya siku hizi. Hata fedha ya nyongeza ikicheleweshwa hakuna ubaya, maadamu muda umetajwa na haizidi kwa kuchelewa.

Akashukuru, akasimama, akavaa viatu. Alipofika mlangoni akageuka. "Liko jingine, mjomba, ila ni dogo."

Hilo dogo lilikuwa hili. Fundi amemwambia tabo imekwisha. Kosa si la gari, bali la mguu wake yeye, kwani miaka yote alikuwa akifika mbio na kuzima papo hapo, asiiache injini izunguke kidogo ili oili ipoze kile kipepeo. Alfajiri gari likiwashwa hutoa moshi wa buluu. Naye dalali amempa shauri: atie oili nzito, aliwashe gari mapema lipate moto, kisha ndipo alipeleke. Moshi hautaonekana.

Ndugu wasomaji, miaka mingi nimeulizwa habari ya riba, na watu wana haki kuiogopa. Lakini nimeona kwamba mtu huja na swali la riba mkononi na hadaa ameiacha mlangoni, akaikuta akitoka. Nilimrudisha, tukaketi tena. Nikamsimulia habari ya Wathila bin Al-Askaa, sahaba wa Mtume, kama alivyoitaja Imamu Ghazali. Mtu mmoja aliuza ngamia kwa dirham 300 mbele ya Wathila, naye alikuwa ameshughulika. Alipotanabahi, mnunuzi amekwisha ondoka na mnyama. Wathila akamkimbilia akipiga kelele, akamwuliza: umemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Akasema, kwa kupanda. Akamwambia kwamba kwato yake ina tundu, hataweza safari ya mfululizo. Yule mtu akarudi, na mwenye ngamia akalazimika kupunguza dirham 100, akamnung'unikia Wathila kwamba amemharibia biashara. Na mjue kwamba Wathila hakuwa muuzaji wala dalali. Alikuwa mpita njia tu.

Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Milioni 3 nilizipata kwa shida."

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa ni kweli. Dagaa mwaka huo walikuwa haba, na nyumba yake ilikuwa ikingoja bati.

Asubuhi alimwita yule kijana mtumishi uani kwake kabla jua halijachomoza, akaliwasha gari likiwa baridi mbele yake. Moshi ukatoka. Wakaita fundi, wakapiga hesabu ya tabo nyingine na kazi yake, na nyongeza ikapanda kutoka milioni 3 hadi milioni 4 na nusu. Dalali aliondoka amekasirika, na hata leo tukikutana hunipa salamu fupi. Bati zilingoja mpaka msimu uliofuata.

Naye mwenye Crown hakutuambia lolote kuhusu kiyoyozi, ambacho tuligundua siku ya tatu kwamba hakitoi baridi. Nilimwambia mpwa wangu kwamba sheria inampa haki ya kurudi kwa aibu iliyofichwa. Akasema amechoka, atafungua madirisha. Tena gari hilo huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na wiki ile ile lilizama katika mchanga karibu na chuo changu, wanafunzi wakatoka wote kulisukuma, na darasa likaharibika kama zamani.

Ijumaa ya kwanza tulimpeleka dada yangu Maweni. Alikaa nyuma peke yake, mkoba juu ya mapaja, mikono ameiweka juu ya mkoba. Tulipopanda Mwanga aliinama mbele, akamgusa mwanawe begani, akamwuliza kwa wasiwasi, "Baba, gari limezimika?"