Nyayo za Aktini: Kwa Nini Dawa ya Mifupa Hupewa Mgonjwa wa Saratani

Mgonjwa ambaye saratani ya matiti imefika mifupani mwake mara nyingi huandikiwa dripu ya asidi ya zoledroniki pamoja na dawa zake nyingine. Wengi hudhani kwamba nayo ni dawa ya kuua saratani. Sivyo. Dripu hiyo hulenga seli ya mgonjwa mwenyewe, na ili kuielewa yafaa kutazama jinsi seli hiyo inavyosimama juu ya mfupa.

Mfupa si jiwe. Kwa mtu mzima, takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Wajenzi ni osteoblasti. Wabomoaji ni osteoklasti, seli kubwa zenye viini vingi, ambazo asili yake ni ileile ya makrofaji wa damu.

Osteoklasti inapotua juu ya mfupa, huweka chini yake vidoa viitwavyo podosomu, kila kimoja kikiwa na upana wa mikromita moja au pungufu. Katikati ya kidoa mna nguzo ya nyuzi za aktini, protini iliyomo pia ndani ya misuli. Nguzo hiyo imezungukwa na pete ya protini nyingine, zikiwemo integrini, ambazo hupenya utando wa seli na kuushika mfupa kama kulabu. Podosomu moja hudumu dakika chache tu. Huvunjwa, na nyingine hujengwa kando yake.

Zikiwa juu ya mfupa, podosomu husongamana na kufanya mkanda wa duara. Aliyewahi kuumikwa kwa chuku, au kufanyiwa hijama, ataelewa upesi: chombo hakivuti kitu mpaka ukingo wake ushike ngozi pande zote. Mkanda wa aktini nao huziba ukingo, na ndani ya duara seli humwaga asidi inayoyeyusha madini ya kalisiamu, kisha kimeng'enya cha kathepsini K kinachokata kolajeni. Mkanda ukilegea, mfupa hauliwi. Mwaka 1991 watafiti walieleza panya walioondolewa jeni iitwayo Src: osteoklasti walikuwa nazo, lakini hazikufanya kazi, na mifupa yao ikajaa kupita kiasi.

Jina la Src lina historia yake. Jeni hiyo ilijulikana kwanza kupitia virusi vya saratani ya kuku, ambavyo Peyton Rous alivieleza mwaka 1911. Seli zilizogeuzwa na virusi hivyo nazo huota vidoa vya aktini. Basi nyenzo ya mbomoaji halali wa mfupa inafanana sana na nyenzo ya seli ya saratani. Katika saratani vidoa hivyo huitwa invadopodia. Ni vichache zaidi, lakini ni virefu na huweza kudumu zaidi ya saa nzima, vikitoa vimeng'enya vinavyotoboa tando zinazotenganisha tishu. Kwa njia hiyo seli hutoka mahali ilipozaliwa.

Ikifika mfupani, hata hivyo, seli ya saratani ya matiti kwa kawaida haiuli mfupa kwa meno yake. Huwatuma walaji. Hutoa kemikali zinazowafanya osteoblasti watoe RANKL, ishara ya kuamsha osteoklasti. Nao mfupa unaobomolewa huachia vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, na saratani hunawiri kwavyo. Mzunguko huo ndio unaoleta maumivu na mifupa inayovunjika kwa kujikwaa tu.

Asidi ya zoledroniki hung'ang'ania madini ya mfupa, na osteoklasti huimeza inapokula. Humo ndani huzuia utengenezaji wa mafuta ambayo protini zinazopanga aktini huyahitaji ili zifanye kazi. Mkanda husambaratika, na hatimaye seli hufa. Denosumabu hufuata njia nyingine: huikamata RANKL kabla haijaamsha mlaji.

Dawa hizi hupunguza kuvunjika kwa mifupa. Hazichukui nafasi ya tiba ya saratani. Kabla ya dozi ya kwanza, mgonjwa aonwe na daktari wa meno, maana jino liking'olewa baadaye mfupa wa taya huweza kufa. Figo na kiwango cha kalisiamu vipimwe. Homa na maumivu ya mwili baada ya dripu ya kwanza ni jambo la kawaida, na kwa kawaida hupita katika siku chache. Denosumabu isiachwe ghafla bila ushauri wa daktari, kwa kuwa osteoklasti huweza kurudi kwa wingi na pingili za mgongo zikavunjika. Na mgonjwa mwenye saratani mifupani akianza kuhisi miguu inalegea, au mkojo unazuilika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: huenda uti wa mgongo unabanwa, na kila saa ina thamani.