Fremu Inacheleweshwa na Nani? Kuchagua Prosesa ya Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Kidogo

Kompyuta ya michezo ya bei nafuu, kama inavyofahamika na watumiaji wengi wa Afrika Mashariki, aghalabu si mashine iliyonunuliwa dukani ikiwa kamili, bali ni mashine iliyokusanywa kidogo kidogo: kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika Ulaya au Marekani, ikaletwa kuuzwa tena katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ikaongezewa kadi ya picha, kisha RAM, yaani kumbukumbu yake ya kazi, na mwishowe, mchezo unapoanza kuganda katikati ya pambano, mwenyewe akaanza kuulizia prosesa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayopoteza fedha za wengi, kwa sababu prosesa huulizwa jina na bei kabla ya kuulizwa kama kweli ndiyo inayouchelewesha mchezo, na kabla ya kuulizwa kama ubao uliomo ndani ya mashine unaweza kuipokea.

Prosesa ni kipande cha silikoni kinachotekeleza amri za programu, na watu wamezoea kukiita ubongo wa kompyuta, ingawa jina hilo hufunika jambo moja muhimu, kwamba katika michezo kazi hugawanywa baina ya vifaa viwili. Katika mchezo wa kandanda, kwa mfano, prosesa ndiyo inayokokotoa winga anakimbilia wapi, mpira umegonga mwamba au umetoka nje, na mlinda mlango aruke upande upi. Ikishamaliza, huandaa maelekezo ya picha nzima na kuikabidhi kadi ya picha, kifaa kilichobuniwa mahsusi kwa kuchora, ili ichore nyasi, jezi, vivuli na mwanga wa taa za uwanjani. Picha moja iliyokamilika huitwa fremu. Mchezo ukienda kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 tu, na kila kimoja kati ya vifaa hivyo viwili sharti kimalize sehemu yake ndani ya muda huo, kama mafundi wawili wanaopokezana kazi katika karakana moja. Kwa hiyo mwendo wa mchezo mzima huamuliwa na aliye mzito zaidi, na kumwongezea nguvu aliye mwepesi hakuleti hata fremu moja.

Uamuzi wa kununua unapaswa kuanzia hapo, na kwa bahati njema kipimo chake hakigharimu chochote. Picha ya kwenye kioo hupimwa kwa nukta: picha ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, ilhali ya 1280 kwa 720 haifiki hata milioni 1. Kupunguza nukta kunaipunguzia kadi mzigo wa kuchora, lakini kazi ya prosesa hubaki karibu ileile, kwani mahali anapokimbilia winga hukokotolewa vilevile hata jezi yake ikichorwa kwa nukta chache. Basi mtumiaji akifungua mipangilio ya mchezo, akashusha picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, na fremu zikapanda, tuseme, kutoka 45 hadi 80, mzito ni kadi, na prosesa mpya itakuwa hasara tupu. Zikibaki 45 zilezile, au zikaongezeka 2 au 3, mzito ni prosesa. Kipimo cha pili ni kutazama matumizi ya kadi wakati mchezo unaendelea, kwa programu ya bure kama MSI Afterburner: kadi inayosoma asilimia 97 hadi 99 imebeba mzigo wake wote, na ile inayosoma asilimia 60 inasubiri kuletewa kazi, mradi kikomo cha fremu kilichowekwa na mchezo kimezimwa kwanza, kwa maana kikomo hicho huifanya kadi ionekane imepumzika hata kama prosesa haina kosa. Asilimia ya prosesa yenyewe si ya kutegemewa sana, kwa sababu prosesa yenye viini 8 inaweza kuonyesha matumizi ya asilimia 30 huku kiini kimoja, kile kinachobeba kazi kuu ya mchezo, kimejaa pomoni.

Wastani wa fremu nao huficha mengi. Fremu nyingi zikija kwa wakati, kisha moja ikachukua milisekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, hesabu ya wastani itasomeka vizuri, lakini jicho litaona picha imeganda na kidole kitahisi kwamba kitufe hakikuitika. Kuganda kwa namna hiyo, hasa gari linapoingia mtaa mpya au wachezaji wengi wanapokutana mahali pamoja, mara nyingi ni dalili ya prosesa iliyoelemewa. Hata hivyo RAM ya gigabaiti 8 iliyojaa, au diski kuu ya zamani ya kuzunguka, huleta dalili zinazofanana, na ni vifaa vya bei ndogo zaidi kubadilisha. Vilevile RAM iliyowekwa kipande kimoja hupitisha data kwa njia moja tu, ilhali vipande viwili vinavyofanana, vikiwekwa katika nafasi zake sahihi, hufungua njia mbili, na katika michezo inayoitegemea prosesa tofauti hiyo huonekana kwa macho. Haifai, basi, kuihukumu prosesa kabla ya kutazama RAM.

Ikishathibitika kwamba prosesa ndiyo nzito, yapo maneno manne ambayo mnunuzi hukutana nayo katika kila tangazo. Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi yake peke yake, na prosesa za sasa huwa na viini kadhaa ndani ya kipande kimoja. Uzi ni mkondo mmoja wa amri, na kiini kilichobuniwa hivyo huweza kushika nyuzi mbili kwa pamoja, kikiendesha mmoja wakati mwingine unasubiri data. Gigahezi huhesabu mapigo ya prosesa, kila gigahezi 1 ikiwa mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Kache ni kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, ili data inayohitajika mara kwa mara isifuatwe mbali kwenye RAM. Kati ya manne hayo, gigahezi ndiyo inayotangazwa sana na ndiyo inayopotosha zaidi: Intel Core i7-4770 ya mwaka 2013 hufika gigahezi 3.9, na AMD Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 hufika 4.4, tofauti inayoonekana ndogo, lakini ya pili hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo, ina viini 6 na nyuzi 12 badala ya viini 4 na nyuzi 8, na ina kache kuu ya megabaiti 32 badala ya 8. Kulinganisha vizazi viwili kwa gigahezi ni sawa na kulinganisha mabasi mawili kwa mizunguko ya magurudumu bila kuuliza ukubwa wa magurudumu yenyewe.

Pamoja na hayo yote, mwenye neno la mwisho ni ubao mama, yaani ule ubao mkubwa unaounganisha vifaa vyote, na hasa soketi yake, kiti ambacho prosesa hukalia. Prosesa ya soketi moja haiingii katika nyingine, na hata soketi zinazofanana umbo si lazima zikubaliane: prosesa za Intel za kizazi cha nane, zilizotoka mwaka 2017, zilitumia soketi ya LGA1151 kama zilivyofanya za kizazi cha sita na cha saba, lakini zilidai mbao mama mpya, na mnunuzi aliyeangalia jina la soketi peke yake alirudi nyumbani na prosesa isiyowaka. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwangalifu huandika kwanza namba kamili ya ubao wake, huitafuta katika tovuti ya mtengenezaji, na kusoma orodha ya prosesa zinazokubalika, ndipo aende dukani.

Katika mashine za ofisini za mwaka 2013 na zilizofuatia, kama Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1, soketi ni LGA1150, na kilele chake ni zile Core i7 za kizazi cha nne. Nyingi huuzwa zikiwa na Core i5-4570, yenye viini 4 na nyuzi 4, na kubadilisha kwenda i7-4770 huongeza nyuzi hadi 8 bila kuongeza njaa ya umeme, kwani zote mbili zimekadiriwa wati 84, hivyo feni na pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, hubaki vilevile. Badiliko hilo hupunguza kuganda zaidi kuliko linavyopandisha wastani, na kwa mtu anayecheza GTA V na kandanda hilo si jambo dogo. Toleo lenye herufi K, linalouzwa ghali kwa kuwa mapigo yake yanaweza kuongezwa na mtumiaji, halina faida katika mbao za ofisini zisizoruhusu kuongeza huko. Mashine za mwaka mmoja nyuma, mfano OptiPlex 7010, zinafaa kuepukwa kwa sababu nyingine: prosesa zake hazina AVX2, seti ya amri zinazoiwezesha prosesa kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja, na baadhi ya michezo mipya hukataa kabisa kufunguka bila seti hiyo.

Hata hivyo i7-4770 ni mwisho wa barabara. Windows 11 haiitambui rasmi, kwani upande wa Intel huanzia kizazi cha nane, na Windows 10 ilifikia ukomo wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kutoka hapo kwenda mbele hakuna prosesa ya kununua peke yake; lazima ubao mama na RAM vibadilike pia, kwa kuwa LGA1150 ya mashine hizi hutumia RAM ya kizazi cha zamani, DDR3, na mara nyingi kasha na pawasaplai vitabadilika navyo, maana watengenezaji wa mashine za ofisini hupenda viunganishi vya umeme visivyooana na vya wengine. Kwa hiyo i7-4770 inastahili kununuliwa tu ikiwa bei yake ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuhamia ubao mpya. Ikikaribia robo yake, fedha hizo zina kazi bora zaidi zikiwekwa akiba.

Pa kuhamia, kwa mwenye mfuko mdogo, ni soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD, ambayo historia yake inampendelea mnunuzi wa kawaida. Prosesa za Ryzen ziliingia sokoni kwa soketi hiyo mwaka 2017, na mtu aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka huo anaweza leo kuweka Ryzen 5 5600 juu ya ubao uleule, iwapo mtengenezaji wa ubao ametoa toleo linaloitambua la BIOS, programu iliyomo katika chipu ya ubao mama na inayoiamsha mashine. Uwezekano huo haukuja wenyewe: mwezi Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba mbao za AM4 za aina ya B450 na X470 hazingepokea kizazi kipya, kile kilichokuja kuwa na 5600, wateja wakalalamika kwa nguvu, na kampuni ikabadili msimamo mwezi huohuo. Ryzen 5 1600 na 5600 zote mbili zimekadiriwa wati 65, zote zina viini 6 na nyuzi 12, lakini ile ya pili ni nyepesi mno katika michezo, na inatambuliwa na Windows 11 ilhali ya kwanza haimo katika orodha.

Majina yanayokaribiana hapa yanahitaji jicho kali. Ryzen 5 5500 ina kache kuu ya megabaiti 16, nusu ya ile ya 5600, na vivyo hivyo 5600G, ambayo sifa yake ni kuwa na uwezo wa picha ndani yake na humfaa asiye na kadi kabisa. Muuzaji anayesema kwamba zote ni kitu kimoja ama hajui, ama anataka kumaliza bidhaa iliyolala. Juu zaidi ipo 5800X3D yenye kache ya megabaiti 96, prosesa bora kwa michezo, lakini mwenye kadi ndogo kama GTX 1650 hataiona faida yake, kwa kuwa kadi itakuwa imeshaelemewa muda mrefu kabla prosesa hiyo haijajikunjua.

Kabla ya prosesa ya zamani kutolewa, BIOS lazima isasishwe, kwani ubao usiolijua jina la prosesa mpya utakiacha kioo kikiwa cheusi. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na umeme ukikatika katikati yake ubao unaweza kufa. Katika miji ambako umeme hukatika bila taarifa, UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, hata ikiwa ya kuazima, ni sehemu ya gharama ya prosesa.

Kuifunga kwenyewe si kugumu, ila AM4 ina tabia yake. Prosesa ndiyo yenye pini, 1331 kwa idadi, na grisi ya zamani ya kupitisha joto, ikiwa imekauka, huigandisha kwenye kipozeo, kile kipande cha chuma chenye mapezi na feni, hivi kwamba fundi akivuta kwa pupa prosesa hung'oka nacho kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini hupinda. Mashine huwashwa kwanza kwa dakika kumi hivi ili grisi ilainike, ikazimwa na kuchomolewa, kisha kipozeo huzungushwa taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie, ndipo kinyanyuliwe. Prosesa mpya ina pembetatu ndogo ya dhahabu katika kona moja inayolingana na alama iliyo kwenye soketi; ikilazwa sawasawa huzama kwa uzito wake, bila kusukumwa hata kidogo, na wenzo wa soketi hushushwa. Grisi mpya, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, hutandazwa na kipozeo chenyewe kinapokazwa. Mashine ikiwaka, joto la prosesa hutazamwa mchezo ukiwa unaenda kwa nusu saa, na kile kipimo cha nukta 1280 kwa 720 hurudiwa; safari hii fremu zikipanda picha inaposhushwa, mzigo umehamia kwenye kadi.