Wali wa Soseji na Lengalenga kwa Jioni ya Kazi

Katika nchi ya Maniema, mashariki mwa Kongo, mchele si chakula cha ugeni wala cha sikukuu peke yake. Wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki, na mashuhuri kati yao Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyelakabiwa Tippu Tip, walipofanya makao Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, walipanda mpunga pamoja na wafuasi wao walioitwa Waungwana kandokando ya mto Lualaba. Na hata utawala wao ulipovunjwa na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika vita vya 1892 hadi 1894, mpunga haukuondoka nao, bali ulibaki kuwa zao la wenyeji, ambao hata leo huulima katika mashamba yaliyofyekwa msituni, kwa kutegemea mvua tu. Kwa hiyo mtu wa Kindu, mji mkuu wa Maniema, arudipo kazini jua limekwisha kutua, na watoto wanauliza chakula, mchele aghalabu umo nyumbani. Kinachobaki ni kuchagua kitoweo kisichomweka jikoni mpaka usiku wa manane.

Hapo ndipo maarifa ya majani yanapohitajika. Sombe, yaani kisamvu, ingawa ndiyo mboga tuipendayo kuliko zote, haifai kwa haraka, maana kisamvu kina asili ya sumu ya sianidi, na hakina budi kutwangwa sawasawa na kuchemshwa muda mrefu ndipo kiwe salama. Na anayekatiza kazi hiyo kwa sababu ya njaa hujitafutia madhara. Lengalenga, yaani mchicha, na matembele, kinyume chake, ni majani laini yanayoiva kwa dakika chache.

Kwa watu wanne, chukua vikombe viwili vya mchele, uuchague mawe na kuuosha, kisha uuchuje. Kata soseji nne au tano vipande vinene kama kidole, uzikaange kwa vijiko viwili vya mawese katika sufuria iliyo juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, mpaka zipate rangi na, kama ni mbichi, nyama ya ndani isiwe na wekundu. Kisha uzitoe na kuziweka kando, ili zisipasuke na kuwa ngumu. Katika mafuta yale yale, yaliyokwisha kupata ladha ya nyama, kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya mbili mpaka zirojeke. Tia mchele, uugeuze mpaka kila punje ing'ae, ndipo umimine vikombe vitatu na nusu vya maji ya moto, na chumvi kidogo, kwa kuwa soseji zina chumvi yake. Funika.

Maji yakaribiapo kukauka, punguza moto, rudisha soseji, tandaza juu yake fungu la lengalenga lililooshwa na kukatwakatwa, weka pilipili moja nzima, na ufunike tena, ukipalia makaa machache juu ya mfuniko kama wafanyavyo wapishi wa pwani. Baada ya dakika kumi majani yamelegea lakini hayajapoteza ukijani wake, wali umekauka, na kazi yote, tangu kuwasha moto, haikuzidi saa moja.

Kwa kuwa Waislamu ni wengi katika jimbo letu, na mgeni huweza kubisha hodi wakati wowote, ni adabu njema kutumia soseji za nyama ya ng'ombe au kuku waliochinjwa kwa sharia, ili asiwepo wa kunyimwa sahani. Za mkebe, zikifunguliwa, zipikwe siku hiyo hiyo, hasa katika nyumba isiyo na friji. Na mwezi ukiwa mgumu, punguza soseji, usipunguze majani: soseji huleta ladha, bali lengalenga na mawese ndivyo vinavyowapa watoto vitamini A, na vyote viwili hupatikana sokoni kwetu.