Wekundu wa Kilemba cha Mwaka 1433

Katika jumba la National Gallery mjini London imo picha ndogo ya mtu aliyejifunga kilemba chekundu. Jan van Eyck, mchoraji wa Flanders, aliichora kwa rangi za mafuta juu ya ubao wa mwaloni katika mwaka 1433, na hata leo wekundu wake wang'aa.

Atakaye kuinakili asidhani kwamba wekundu huo hupatikana kwa mpako mmoja. Kwanza hupaka rangi nzito ya chini, yenye mwanga na kivuli mahali pake, akaiacha ikauke. Kisha huyeyusha rangi angavu katika mafuta ya kitani na kuipaka nyembamba sana, tabaka baada ya tabaka, akingoja siku kadha wa kadha kila mara. Nuru hupenya matabaka hayo, hugonga rangi ya chini, na kurudi machoni ikiwa imekoza.

Mwenye pupa hupaka juu ya rangi mbichi. Baadaye picha yapasuka, na taabu ya miezi yapotea bure.

Juu ya fremu Van Eyck aliandika maneno yenye maana hii: "Kadiri niwezavyo." Hakika, kungoja nako ni kazi.