Gari Lililotumika: Otomatiki au Gia za Mkono?

Baba yangu mdogo ameuza kahawa ya msimu mzima, naye ataka kununua gari kuukuu. Aliniuliza achague lipi, nami nilimjibu hivi.

Magari mengi yaletwayo kutoka Japani ni ya otomatiki. Ni mepesi kuendesha, wala hayana klachi. Lakini giaboksi yake hutegemea mafuta. Kwa kawaida mafuta mazuri huwa mekundu. Yakiwa meusi tena yanuka kuungua, giaboksi imechoka, na kuitengeneza ni ghali mno.

Gari la gia za mkono huchosha mguu, na klachi yake huisha. Hata hivyo mafundi wengi huweza kuibadili. Betri ikifa, husukumwa likawaka. La otomatiki halikubali. Na katika miteremko yetu ya Karagwe, gia ndogo hulizuia gari, breki zisipate moto. Otomatiki nayo ina gia ndogo, yaani 2 na L, ila wengi huzisahau.

Basi nilimshauri achukue la gia za mkono, lakini kwanza alijaribu mlimani: injini ikivuma na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Kuuliza si ujinga.