Rangi Isiyoshika Mafuta Jikoni: Je, Inatosha?



Hivi karibuni tulikuwa jikoni mwa kanisa tukikaanga samaki kwa ajili ya wageni. Juu ya jiko lile pana mfuniko wa bati wenye feni ya kuvuta moshi. Ghafla mafuta yaliyoganda humo yakadondoka motoni, na kikaango kikawaka. Mmoja wetu alikwisha kushika ndoo ya maji! Tulimzuia, tukazima gesi na kufunika kikaango. Kumbukeni: maji huzama chini ya mafuta, huchemka mara moja, na kurusha moto kila upande.

Fundi alipokuja, alitushauri tununue mfuniko uliopakwa rangi isiyoshika mafuta wala maji. Tuliona vema tuichunguze kwanza.

*Inafanyaje kazi?*

Tazama jani la gimbi baada ya mvua. Matone huviringika na kuanguka, kwa sababu jani lina nta. Lakini ukilidondoshea mafuta, hutambaa na kushika. Maji hupenda kujikusanya kuwa tone. Mafuta hupenda kuenea. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutumia dawa zenye florini, ambazo hata mafuta hayazishiki kwa urahisi.

Mwaka 1938 huko Marekani, mkemia Roy Plunkett aligundua bila kukusudia unga mweupe wenye utelezi, uliokuja kuitwa Teflon. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire alishauriwa na mkewe, Colette, aujaribu kwenye vikaango. Kumbe wazo lilitoka kwa mama!

*Mambo ya kuangalia*

Kwanza, rangi hii haiondoi mafuta. Hurahisisha tu kuyafuta. Chujio lisipooshwa, hatari ya moto ipo pale pale.

Pili, usiikwangue. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Waya wa kusugulia sufuria na mchanga huichubua, na ikichubuka mafuta hushika tena.

Tatu, usiache kikaango cha aina hii kitupu motoni. Joto likipita nyuzi 260 za Selsiasi, Teflon huanza kuharibika. Ikiungua sana, mvuke wake huweza kumletea mtu homa, baridi na kikohozi saa chache baadaye. Ndege wa kufugwa ndani huweza kufa kabisa.

Nne, uliza kilichotumika kuitengeneza. Dawa iitwayo PFOA, iliyotumika miaka mingi katika kazi hiyo, iliwekwa mwaka 2019 katika orodha ya sumu ambazo mataifa yamekubaliana kuzikomesha. Mwaka 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba huleta saratani kwa binadamu.

*Tuliloamua*

Hatukununua. Tuliweka zamu: kila Jumamosi wawili wetu huzima feni, hushusha chujio, hulilowesha kwenye maji ya moto yenye sabuni, hulisuuza na kulikausha. Ukiwa na uwezo wa kununua rangi hiyo, si vibaya. Lakini zamu usiiache.

Na mtoto akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Kisha mpeleke kwa mganga.

Mungu azilinde nyumba zetu, nasi tufanye sehemu yetu.